Podi Zilizoupa Upepo Mgongo: Kisa cha Malazi ya Starehe Ukingoni mwa Nyari, Marafa

Mwezi wa Februari mwaka juzi niliitwa Marafa na ndugu watatu wa tumbo moja, wanaume wawili na dada yao, waliokuwa na swali moja la kujibiwa. Walikuwa wamejenga podi nne, yaani vibanda vya mbao, za kulaza wageni katika shamba la marehemu baba yao, mahali penye mandhari ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama, na wageni walikuwa wakija kweli. Lakini mgeni aliyelipia kulala siku mbili alikuwa akiomba gari la kumrudisha Malindi asubuhi ya kwanza. Wengi waliaga kwa adabu na kutoa udhuru wa safari. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwashauri wenye nyumba za wageni katika pwani hii, kuanzia Watamu hadi Lamu, na kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya wenyewe, bila kuwataja majina, kwa sababu podi za namna hii sasa zinatamaniwa kila mahali na naona kosa lile lile likikaribia kurudiwa na watu wengine wenye nia njema na akiba ndogo.

Asiyepajua mahali penyewe na apaone kwanza. Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, ukavuka daraja la Sabaki na kisha kukata kuingia bara, utafika Marafa, kilomita zipatazo 30 kutoka mjini, na hapo ardhi hukatika ghafla mbele ya miguu yako. Wenyeji huliita korongo hilo Nyari, jina wanalolifasiri kuwa mahali palipovunjika penyewe. Ni mawe laini ya mchanga yaliyochongwa na mvua na upepo yakabaki kama minara na kuta nyembamba, juu yakiwa mekundu kama kutu, katikati waridi na manjano, chini meupe. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na ukoo uliojaliwa ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa, na Mungu akachukizwa na israfu hiyo akawadidimiza wote. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Saa ya kuliona korongo ni jioni, baina ya saa kumi na moja na magharibi, jua linapopiga ubavuni na kila rangi ikajitenga na mwenzake. Adhuhuri joto la humo ndani halistahimiliki, wala hakuna mwongoza wageni wa kijijini atakayekushauri ushuke wakati huo.

Kaka mkubwa alikuwa ameishi Uingereza miaka kumi na mbili. Huko Wales alifanya kazi kwa mkulima wa kondoo ambaye, kama wakulima wengi wa milimani kule, alikuwa ameona kwamba sufu na nyama pekee hazimlishi, akaweka vibanda vya mbao vya duara kando ya malisho yake na kuvikodisha kwa watu wa mijini. Hizo ndizo podi. Ni chumba kimoja cha mbao chenye paa lililopinda kama mtumbwi uliofudikizwa, kitanda kizuri, taa, meza ndogo, mara nyingine choo na bafu ndani, na upande mmoja mlango mpana wa kioo unaotazama mandhari. Mgeni anapata raha ya kuwa porini bila kulala chini wala kuhangaika na hema linalovuja, na Waingereza wameunda neno la kuita starehe hiyo, glampingi, kwa kuunganisha fahari na kupiga kambi. Kaka alilala ndani ya mojawapo usiku wa Novemba, mvua ikipiga juu na umande ukiganda nje, akasikia joto la kibanda limemkumbatia, na hapo hapo, kwa maneno yake mwenyewe, akaliona shamba la baba yake.

Sina lawama juu ya ndoto hiyo, kwa kuwa aliliona jambo la kweli: mandhari peke yake, bila kilimo wala ufuo, inaweza kumlisha mwenye shamba. Alichokosa kukiona ni kwamba lile joto lililomkumbatia ndilo kazi yenyewe ya podi. Kibanda cha Wales kimejengwa kizuie joto lisitoke. Kuta zake ni tabaka mbili zenye sufu au pamba ya kioo katikati, milango yake hufungwa ikabana kama mfuniko wa chupa, madirisha ni madogo na machache, na paa la mviringo halina tundu hata moja kileleni kwa sababu huko tundu la kileleni ni mlango wa baridi. Michoro aliyorudi nayo ilikuwa na kila moja ya sifa hizo, na fundi wa mbao aliyempata akaifuata sentimita kwa sentimita, kwa uaminifu unaostahili heshima. Podi zilikuwa na upana wa mita tatu na urefu wa mita tano. Paa likaezekwa mabati meusi yaliyokunjwa, kwa kuwa picha za kule zilionyesha mapaa meusi.

Zikaelekezwa korongoni, yaani magharibi.

Nilipofika sikuliona hilo kuwa ndilo tatizo, na ni wajibu kulisema kwa kuwa msomaji akitaka kujifunza kutokana na kisa lazima ajue pia mshauri alipotea wapi. Mgeni anapoondoka mapema, watu wa kazi yangu huanza na chakula, huduma, barabara na choo. Nilikaa siku mbili nikivichunguza hivyo. Dada alikuwa akipika wali wa nazi, samaki wa kupaka walioletwa asubuhi kutoka Mambrui, mchicha na muhogo, na sikuona mgeni aliyebakisha kitu sahanini. Vijana waliohudumu walikuwa na adabu ya kulelewa nyumbani. Nikapitia daftari la hesabu, na hapo nikaona uzito wa jambo lililokuwa likiwapata. Gharama za mgeni wa shamba la mbali karibu zote huangukia usiku wa kwanza: mafuta ya gari la kumleta kutoka Malindi, maji ya kununuliwa, kufua mashuka na taulo, na fungu la wakala wa mtandaoni aliyemtuma. Usiku wa pili huhitaji chakula na maji kidogo tu, kwa hiyo faida ya nyumba ya namna hii hukaa katika usiku wa pili na wa tatu. Ndugu hawa walikuwa wakiupata usiku wenye gharama na kurudisha fedha za usiku wenye faida, na daftari lilionyesha kwamba tangu Desemba kila mgeni aliyewafurahisha kwa kufika aliwaacha na pengo.

Usiku wa tatu niliomba nilale ndani ya podi. Hadi wakati huo nilikuwa nikilala nyumbani kwa mama yao, nyumba ya udongo na makuti chini ya mkanju, na sikuwahi kuamka usiku. Niliingia podini saa tatu. Harufu ya mbao ilikuwa nzuri na kitanda kilikuwa laini. Baada ya muda nikahisi kwamba ukuta wa kichwani una joto, si joto la hewa bali la kitu kilichoanikwa, kama sufuria iliyoepuliwa nusu saa iliyopita. Nikawasha pangaboi ndogo ya mezani; ikanipulizia hewa ile ile ya moto. Saa nane usiku shuka lilikuwa limelowa. Nikaketi kitandani, na kwa mwanga wa mwezi uliopita kwenye kioo nikaona leso mbili za dada zilizosahauliwa kwenye kamba nje, upande wa nyuma wa podi ya jirani, zikipepea vizuri, pindo likinyanyuka na kushuka, nalo hema la chandarua mbele ya macho yangu lilikuwa limening'inia wima bila kutikisika hata uzi. Upepo ulikuwa pale pale, hatua tano kutoka kitandani kwangu. Nikafungua mlango wa kioo nikitumaini utaingia, ukaingia mbu.

Asubuhi nilituma kijana mjini akanunue vipimajoto vitatu vya kawaida vya duka la dawa za mifugo. Kimoja tulikitundika podini, cha pili nyumbani kwa mama, cha tatu chini ya mkanju, na kwa siku nne dada akaandika namba asubuhi, jioni na usiku. Saa tatu usiku podi ilikuwa ikisoma nyuzi 34 wakati nyumba ya mama ilikuwa 28 na chini ya mkanju 27. Saa kumi alfajiri, wakati ambapo hata Marafa hupoa, podi ilikuwa bado haijashuka chini ya 30. Hapo maneno ya huduma na barabara yakaisha.

Mambo yanayoipasha moto podi katika mahali kama pale ni manne, na yanasaidiana. La kwanza ni kioo kinachotazama magharibi: kuanzia saa tisa mchana jua huingia ndani moja kwa moja, likaipasha sakafu na kitanda, na joto lililokwisha ingia halipati njia ya kutoka. La pili ni paa jeusi. Marafa iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kwa saa nyingi zaidi ni paa, wala si ukuta. La tatu ni mwili wa binadamu, ambao hata ukilala hutoa joto la takriban wati 70, sawa na balbu ya zamani iliyowashwa usiku kucha; watu wawili na jokofu dogo ndani ya chumba kilichobanwa ni jiko lisilo na moshi. La nne, na ndilo lililonishughulisha kuliko yote, ni upepo. Pwani yetu ina pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini mashariki takriban Desemba hadi Machi, na kusi, inayovuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Podi zote nne zilikuwa na tundu moja tu la kupitisha upepo, mlango, nalo lilikuwa magharibi. Kaskazi ilipiga mgongo mtupu wa mbao, na kusi nayo ikaja ikapiga ubavu mtupu. Hakukuwa na mwezi hata mmoja katika mwaka ambao nyumba ile ingepata upepo.

Kaka mdogo alitaka viyoyozi. Nilimwelewa, maana ndiyo dawa inayojulikana, na tulikaa chini tukaihesabu. Kiyoyozi kidogo cha chumba huhitaji takriban kilowati moja kinapofanya kazi. Vinne usiku kucha vingehitaji paneli za sola na betri za gharama kubwa kuliko podi zenyewe, na mgeni aliyelipia kusikia usiku wa Nyari, vyura baada ya mvua na bundi kwenye mikanju, angelala akisikia mashine. Kaka mkubwa kwa upande wake alifikia hatua ya kusema tuzivunje tujenge mabanda ya makuti kama watu wengine, kisha akanyamaza, kwa sababu mkopo wa mbao zile ulikuwa haujaisha.

Dada ndiye aliyesema tumwite mzee mmoja wa Mambrui, fundi wa kuezeka na kujenga, aliyewahi kuijenga nyumba ya shangazi yao. Mzee huyo alikuja na bakora na mfuko wa plastiki wenye majivu. Hakuuliza michoro. Alizunguka podi mara mbili, akagonga mgongo wa moja kwa ngumi, kisha akamgeukia kaka mkubwa akamwuliza, "Mwanangu, mlango wa upepo uko wapi?" Kaka akamwonyesha mlango wa kioo. Mzee akatikisa kichwa. "Huo ni wa watu. Nauliza wa upepo." Siku ile na siku iliyofuata, asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku, alikuwa akisimama kila upande wa kila podi, akinyanyua mkono hadi kifuani na kuachia chembe za majivu zianguke, akitazama zinakokwenda. Karibu na ukingo majivu yalifanya jambo ambalo sikulitarajia: mchana, korongo lilipokuwa limechemka, yalinyanyuka juu badala ya kuanguka, maana hewa ya moto ilikuwa ikipanda kutoka chini na kuupa uso wa podi pumzi ya tanuri. Mzee alisema jambo hilo kwa sentensi moja tu, kwamba nyumba hizi zimekaa mdomoni mwa jiko.

Shauri lake, ambalo nililiandika na kulipigia hesabu lakini sikulibuni, lilikuwa hivi. Podi zisivunjwe, bali zifunikwe. Juu ya kila moja lijengwe paa la pili la makuti, lenye nguzo zake lenyewe, likiiacha podi chini yake kwa nafasi ya dhiraa moja ili jua lisiguse bati kamwe na upepo upite baina ya mapaa mawili. Mbele, paa hilo lirefuke na kushuka kuwa upenu wa baraza pana ya mita mbili na nusu, ili jua la alasiri liishie barazani lisifike kwenye kioo. Ukuta wa nyuma utobolewe madirisha mawili mapana ya vibao vya kufungua na kufunga, yakiwa chini, usawa wa kitanda, kwa kuwa upepo unaopita juu ya kichwa cha aliyelala haumfai kitu. Ubavu wa kusini nao upate moja. Na kileleni mwa duara litobolewe tundu refu lenye wavu, lililofunikwa kwa bati lililonyanyuliwa, ili hewa ya moto ipate pa kutokea.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya baraza. Kaka mkubwa aliona, na hakukosea, kwamba picha inayowaleta wageni ni ile ya kitanda cheupe kikitazama kuta nyekundu kupitia kioo kizima, na upenu wa makuti ungeikata picha hiyo juu. Alikuwa amelipia mpiga picha. Tulibishana jioni nzima, na kilichomaliza ubishi hakikuwa hoja yangu bali kiti. Dada alichukua kiti akakiweka mita mbili mbele ya mlango, akamwomba kaka aketi, kisha yeye na kijana wa kazi wakashika mkeka juu yake kwa urefu ambao upenu ungefika. Jua lilikuwa linazama. Mng'ao uliokuwa ukimfanya akunje macho ukakatika, na rangi za korongo, ambazo kwa dakika kadhaa alikuwa akizitazama kupitia kope zilizofumbwa nusu, zikatokea zote chini ya ukingo wa mkeka kama zimetiwa ndani ya fremu. Akasema, "Basi dada, inatosha."

Kazi ilianza Mei, baada ya mvua za kwanza kupungua, na ikachukua wiki saba. Nguzo zilikuwa za mvinje, ambao siku hizi hupandwa kwa wingi katika maeneo ya Malindi na Magarini na hukua upesi. Tuliamua tusiguse mikoko, ingawa boriti za mkoko ni bora, kwa sababu mikoko ya pwani hii imekatwa ya kutosha. Miguu ya nguzo iliwekwa juu ya mawe na kupakwa dawa dhidi ya mchwa, adui ambaye Marafa humkuta kila mbao. Makuti yalikuwa ya viungo, yaliyoshonwa na akina mama wa vijiji vya pwani waliko na minazi ya kutosha, na mzee aliyarudisha yote ya shehena ya kwanza kwa kuwa yalikuwa yameshonwa kwa nafasi kubwa mno. Alinionyesha: alichukua kuti moja, akalinyanyua dhidi ya jua na kuniambia nihesabu nyota. Mwanga ulipenya mahali pengi. La shehena ya pili halikuwa na nyota hata moja. Paa lilisimamishwa kwa mwinamo mkali, kwa kuwa makuti yaliyolazwa hukaa na maji na kuoza, na yakaezekwa kwa kubanana hivi kwamba kila safu ilificha zaidi ya nusu ya iliyo chini yake.

Moto ulitupa hofu, nami nasisitiza jambo hili kwa yeyote atakayeiga. Makuti makavu wakati wa kaskazi huwaka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kuokoa kitu, na podi ya mbao chini yake ni kuni. Tulikataza mishumaa na dawa za mbu za kuchoma, jiko likahamishiwa upande ambao upepo hauelekei podi, kila baraza ikawekwa ndoo mbili za mchanga na kizima moto, na mlango wa pili wa kutokea ukakatwa nyuma. Podi za awali, pamoja na yote, zilikuwa na njia moja tu ya kutokea, na sidhani kama yeyote kati yetu aliwahi kulifikiria hilo kabla ya kuona makuti juu.

Nimesema podi zilikuwa nne. Zilizofunikwa ni tatu. Ya nne, iliyokuwa na picha nzuri kuliko zote, ilikuwa hatua saba kutoka ukingoni. Korongo kama Nyari halijamaliza kuvunjika. Kila masika maji hukata vijito vipya juu na kuta hurudi nyuma kidogo kidogo. Mvua za Aprili mwaka ule zilifungua ufa mwembamba baina ya podi na ukingo, ambao mtoto wa dada aliuona kwa sababu kiatu chake kilinasa. Baba yao mdogo aliitwa, akatazama, akasema kwamba alipokuwa kijana ukingo ule ulikuwa mbele ya mti ambao sisi hatukuuona tena. Podi ilifunguliwa vipande wiki ile ile. Tangu hapo hakuna kitu kinachojengwa ndani ya hatua hamsini kutoka ukingoni, na maji ya bafu, ambayo awali yalikuwa yakimwagwa kuelekea korongoni, sasa huelekezwa kwenye migomba upande wa juu.

Baba mdogo huyo alikuwa na neno jingine, na nililiona kuwa na uzito kuliko vipimajoto vyangu. Alikuwa ameyaona mambo ya mradi wa makazi wa Magarini wa miaka ya 1970 na 1980, uliofadhiliwa na Australia, ambapo matingatinga yalifyeka vichaka ili wakulima wagawiwe mashamba na kulima kwa namna iliyopangwa, katika ardhi ambayo mvua yake haiaminiki na maji ya visima vyake vingi yana chumvi. Mradi ule haukufikia lengo lake. Alisema hakuwachukia waliouleta, kwani walifanya kazi kwa bidii na walikula naye. Ila waliuliza watu wangapi wanahitaji ardhi na hawakuuliza watu wale walikuwa wakiishije juu ya ardhi ile kabla yao. Kaka mkubwa aliyasikiliza hayo akiwa ameinamisha kichwa.

Kuhusu kijiji, nitapita kwa ufupi. Wanakijiji ndio wanaolilinda korongo na kuwaongoza wageni, na kwa msimu mzima wa kwanza wageni wa podi walikuwa wakitazama Nyari kutoka barazani bila kulipa kiingilio wala kumchukua mwongozaji. Manung'uniko yalikuwapo na yalikuwa ya haki. Sasa kiingilio kimo ndani ya bei ya kulala, hupelekwa kijijini kila mwisho wa juma, na hakuna mgeni anayeshuka bila kijana wa pale. Maji yangali magumu. Mto Sabaki ndio unaoinywesha Malindi na hata Mombasa kutoka mitambo ya Baricho, lakini Marafa bado kuna siku ambazo akina mama hupanga madumu tangu alfajiri, na haifai mgeni mmoja atumie kwa kuoga maji ya nyumba nzima. Ndugu hawa wamejenga tangi la kuvuna mvua kutoka paa la jikoni, kwa sababu maji ya makuti yana rangi na harufu, na wageni huelezwa wazi kwamba maji ya bafu ni ndoo mbili kwa siku.

Februari iliyofuata dada alitundika vipimajoto vile vile mahali pale pale. Saa tatu usiku podi ilisoma 28, yaani sawa na nyumba ya mama yake, na alfajiri ikashuka hadi 25. Wageni waliolala usiku mmoja na kuondoka kabla ya muda wao msimu ule walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa. Jambo ambalo hatukulipanga ni kwamba baraza imekuwa chumba chenyewe: dada aliweka vitanda vya kamba na vyandarua hapo kwa ajili ya kupumzika mchana, na wageni wengi sasa hulala huko usiku, podi ikabaki mahali pa kuwekea mizigo na kujikinga na mvua. Kaka mkubwa alipoona hivyo mara ya kwanza alihuzunika kidogo, nami namwelewa, kwa kuwa alizipenda zile mbao.

Kasoro zimebaki. Makuti humwaga vumbi kwenye baraza, mijusi na popo hawakuchelewa kuhamia, na wageni wengine huogopa. Paa litahitaji kuezekwa upya baada ya miaka kadhaa, gharama ambayo bati lisingeidai, na kwa sababu hiyo nimewasihi waweke kando fungu la kila mgeni tangu sasa.

Ndugu hawa wanataka kujenga nyumba ya nne badala ya ile iliyoondolewa, safari hii kuanzia mwanzo na si kwa michoro ya Wales. Mzee wa Mambrui alikuja Januari, akachagua mahali mbali na ukingo, akachomeka kijiti na kukifunga kipande cha leso kuukuu, akakaa siku mbili akikitazama kikipepea kwa kaskazi. Kisha akachukua bakora yake akasema atarudi Juni, kusi ikishakaza, ndipo atakaposema mlango uwe wapi. Kaka mkubwa alikuwa tayari na fedha na mafundi. Hadi ninapoandika haya kijiti bado kimesimama na leso yake, na hakuna msingi uliochimbwa.